KUPANGA NI KUCHAGUA, SI KUANDIKA

Tangu Dira ya Maendeleo ya Taifa 2050 ilipozinduliwa jijini Dodoma mwezi Julai 2025, ofisi nyingi nchini zimo katika shughuli ya kupanga. Wizara, halmashauri, shule, vyuo, hospitali, vyama vya ushirika na mashirika ya hiari yanaandika upya mipango mkakati yao ili iende sambamba na dira hiyo. Mikutano inaitishwa, washauri wanaajiriwa, karatasi kubwa zinabandikwa ukutani, na baada ya siku tatu au nne kinatoka kitabu chenye jalada zuri, ambacho ndani yake mna dira, dhima, malengo na maadili ya msingi. Shughuli hiyo ni njema, kwani taifa lisilopanga huendeshwa na matukio.

Hata hivyo, lipo swali moja ambalo hapana budi liulizwe kabla wino haujakauka. Kitabu hicho kinapofika mahali pa kazi siku ya Jumatatu, kinabadili nini? Mwalimu wa darasa la kwanza anafanya jambo gani ambalo hakulifanya juma lililopita? Karani wa masijala anampokeaje mzee aliyetoka kijijini kufuatilia jalada la pensheni yake? Mama mjamzito ambaye jana aliambiwa zahanatini "njoo kesho", leo anaambiwaje? Ikiwa hakuna kilichobadilika, basi taasisi hiyo haikupanga kitu, iliandika tu.

Jambo hili ni zito zaidi kwa taasisi za huduma kuliko kwa biashara. Mwenye duka ana kipimo chepesi: asipouza, rafu hubaki zimejaa na sanduku la fedha hubaki tupu, naye hujua kosa lake kabla mwezi haujaisha. Shule, hospitali, halmashauri au Chama cha siasa hakina kipimo cha namna hiyo. Mshahara hulipwa mwisho wa mwezi hata kama watoto hawakujifunza kusoma, na taarifa hupelekwa makao makuu hata kama kisima kimekauka. Kwa hiyo taasisi yenye dhima ya kuwahudumia watu inaweza kujidanganya kwa miaka mingi bila kushtuka. Kinachoweza kuizindua ni watu wake wenyewe kukaa chini, kusema ukweli, kuchagua, na kisha kubadili mazoea yao.

Historia ya nchi hii ina mafundisho makubwa juu ya kazi hiyo. Katika muda mfupi, kati ya mwaka 1969 na 1976, Tanzania ilijaribu karibu kila njia ya kupanga na ya kubadili mazoea ya watu. Njia nyingine zilifaulu, nyingine zilishindwa, na nyingine zikaacha machungu. Anayepanga leo na kuipuuza historia hiyo atalipa ada ya somo ambalo taifa limekwisha kulilipia.

Kuchagua maana yake ni kuacha

Mwezi Mei 1969, Mwalimu Julius Nyerere aliufikisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya mkutano mkuu wa TANU, na hotuba yake ikajulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Hoja yake ilikuwa rahisi kuelewa, lakini ngumu kutenda. Mahitaji ya nchi maskini ni mengi, na karibu yote ni ya haki. Anayesema atayatimiza yote kwa pamoja hakupanga. Kupanga ni kuamua lipi litangulia, na kuwa na ujasiri wa kuwaambia watu lipi litangoja.

Mpango huo ulisema wazi kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ingefikiwa mwaka 1989. Ulikuwa ni mwaka wa mbali, lakini ulikuwa mwaka wa kweli kwa hesabu ya fedha na walimu waliokuwapo. Miaka mitano baadaye, katika Azimio la Musoma la 1974, Chama kilichagua upya na kulivuta lengo hilo hadi mwaka 1977. Uchaguzi huo ulikuwa na gharama, nayo gharama ilijulikana: maelfu ya vijana waliomaliza elimu ya msingi walipewa chaki na kuanza kufundisha huku wakijifunza ualimu kazini. Mtu anaweza kuukubali au kuulaumu uamuzi ule, lakini hawezi kusema kwamba haukuwa uamuzi. Kila mwalimu aliona darasani mwake ulichodai.

Mipango mingi ya siku hizi haina sura hiyo. Huwa na malengo 8 au 10, yote yamepewa uzito sawa, na hakuna hata moja lililoachwa. Ichukuliwe shule ya msingi inayoandika katika mpango wake kwamba kila mtoto wa darasa la pili ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Lengo ni zuri. Lakini mwalimu hodari kuliko wote hupangiwa darasa la saba kwa sababu ya mtihani wa taifa, na darasa la kwanza, ambalo katika shule nyingi lilifurika tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, huachiwa mwalimu mgeni au mwalimu aliyechoka. Katika shule hiyo mpango halisi ni ratiba ya vipindi, na kitabu cha mpango mkakati ni pambo. Siku mwalimu mkuu atakapomwomba yule hodari ashuke darasa la kwanza, akawaeleza wazazi sababu, na akakubali kuulizwa na wakubwa wake juu ya matokeo ya darasa la saba, siku hiyo shule itakuwa imepanga.

Mfumo mpya, mazoea ya zamani

Mwezi Februari 1971, TANU ilitoa Mwongozo. Waraka huo ulikemea majivuno na umangimeza wa viongozi, ukasisitiza kwamba watu washirikishwe katika kufikiri, kupanga na kutekeleza maendeleo yao. Ulikataa kabisa desturi ya wataalamu na viongozi wachache kuamua, kisha Chama kuwahimiza wananchi watekeleze yaliyokwisha amuliwa. Hata leo ni vigumu kuieleza vizuri zaidi kazi ya mpango shirikishi.

Mwaka uliofuata, 1972, Serikali ilianzisha Madaraka Mikoani. Shabaha yake ililingana na Mwongozo: kuutoa uamuzi Dar es Salaam na kuupeleka karibu na wananchi. Kampuni ya washauri ya McKinsey kutoka ng'ambo ilishiriki katika kubuni muundo. Mikoa na wilaya zikapata wakurugenzi wa maendeleo, wapangaji na bajeti. Michoro ya utawala ilipendeza. Lakini wakati huohuo halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na za mijini zikafuata. Kilichohamia mikoani kilikuwa ni maofisa wa Serikali Kuu pamoja na tabia zao. Meza zilihama, mafaili yakahama, na umangimeza ukasafiri nayo katika lori lilelile. Mwananchi aliyezoea kungoja jibu kutoka wizarani sasa alilingoja kutoka bomani, tena akiwa hana diwani wa kumwuliza.

Vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa mwaka 1976. Halafu taifa lilirudi nyuma kurekebisha. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, sheria mpya za serikali za mitaa na za ushirika zikatungwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwalimu mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka huo wa 1984, alikiri kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Ukiri huo una heshima kubwa, na ni kielelezo kwa kila mkuu wa taasisi anayeona aibu kusema "hapa tulikosea".

Somo la Madaraka Mikoani ni kwamba muundo hubadilika kwa waraka wa siku moja, lakini mazoea hayasomi waraka. Taasisi inaweza kubadili majina ya idara, ikahamisha watu vyumba, ikachapisha nembo mpya, na bado mwananchi akakuta dirisha lilelile limefungwa saa tano asubuhi.

Mambo mawili ya mwaka 1973

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili yanayofaa kuwekwa bega kwa bega.

La kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kushirikiana na vyombo vya afya na Chama. Shabaha ilikuwa kupunguza maradhi yanayotokana na mazingira na mazoea: malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Ushauri wa kuchimba choo na kuchemsha maji haukuwa mpya. Ulikwisha kutolewa tangu enzi ya mkoloni, mara nyingi kwa amri. Lakini choo kinachochimbwa kwa kuogopa faini huwa ni cha kumwonyesha bwana afya, si cha kutumia.

Watayarishaji wa kampeni walichagua njia nyingine. Walikwisha kujaribu vikundi vya redio katika kampeni ndogo, kama ile ya Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, wakajifunza makosa yao kabla ya kwenda kwa taifa zima. Maandalizi yalichukua zaidi ya mwaka. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi, kutoka taifa hadi vijijini. Kwa majuma 12 redio ilitangaza kipindi kimoja kila juma, na watu karibu milioni 2 walikutana vikundi vikundi kusikiliza, kusoma kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, na kujadili. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua.

Nguvu ya kampeni hiyo ilikuwa katika mazungumzo yaliyofuata baada ya redio kuzimwa. Kikundi kilijiuliza: Je, ugonjwa huu uko hapa kwetu? Hapa kwetu unaletwa na nini? Tutafanya nini kabla hatujakutana tena? Kiongozi wa kikundi alifundishwa kwamba yeye si mwalimu wa wenzake. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kumtia moyo aliye kimya, kumtuliza msemaji mno, na kuhakikisha kwamba kikao hakivunjiki bila uamuzi. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, vichaka vikafyekwa na madimbwi yakafukiwa. Maradhi hayakwisha, na mahali pengine mazoea mapya hayakudumu, kwa kuwa majuma 12 ni muda mfupi katika maisha ya mtu. Lakini waliochimba walijua kwa nini wanachimba.

La pili ni kuhamia vijijini. Waraka wa Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967 ulisisitiza hiari. Mwezi Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Sababu zilikuwa nzuri, maana shule, maji na zahanati haviwezi kufikishwa kwenye kila nyumba iliyo peke yake, na ni kweli kwamba vijiji vilirahisisha kuenea kwa huduma hizo. Lakini katika utekelezaji kasi ilitawala. Mamilioni ya watu walihama, na katika sehemu kadhaa walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa, wakapelekwa mbali na mashamba yao au kwenye ardhi isiyofaa. Mara nyingi wazee walioujua udongo na maji ya mahali hawakuulizwa. Watu walikaa walipowekwa, lakini kilimo cha pamoja, ambacho ndicho kilichokuwa moyo wa siasa yenyewe, hakikuota mizizi.

Mambo hayo mawili yalifanyika katika nchi moja, chini ya Chama kimoja, kwa wakulima walewale. Katika la kwanza mkulima aliulizwa, katika la pili aliambiwa. Mwenye mamlaka anaweza kuuhamisha mwili wa mtu kwa siku moja, lakini moyo wake hauhamishwi kwa operesheni.

Kazi ya mwezeshaji

Kutokana na mafundisho hayo inaonekana wazi kazi ya mtu anayeitwa siku hizi mwezeshaji wa mpango mkakati. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ana faida kwa sababu jicho lake halijazoea. Huuliza maswali ambayo mwenyeji huona haya kuyauliza, tena hana bosi ndani ya chumba. Lakini mgeni hulala siku tatu akaondoka. Mpango ulioandikwa na yeye ni nguo ya kuazima, na mwenye nguo akiondoka, mwazimaji hubaki uchi. Ndiyo maana kazi ya mwezeshaji ni kama ile ya kiongozi wa kikundi wa mwaka 1973: kuuliza, kusikiliza, kupanga mazungumzo na kudai uamuzi.

Kwanza, ahakikishe kwamba wanaostahili kuwamo wamo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mlinzi wa lango huona kila siku wananchi wangapi wanaondoka bila kuhudumiwa. Karani wa masijala hujua mafaili yanakwama kwenye meza ya nani. Mhudumu wa afya hujua kwa nini akina mama wanaogopa kujifungulia hospitalini. Mkutano wa wakuu wa idara peke yao hauna habari hizo, na pasipokuwapo mwananchi anayehudumiwa, umepungukiwa na shahidi mkuu.

Pili, aanze na ukweli kabla ya dira. Badala ya kuwauliza watumishi wanaota nini kwa miaka mitano ijayo, awape kazi ya kulifuata jalada moja tangu lilipopokewa: lilipita meza ngapi, lilikaa siku ngapi kila meza, na kwa nini. Walimu wachukue daftari za watoto kumi wazisome pamoja. Taasisi ikikwisha kuona uso wake katika kioo cha namna hiyo, haihitaji hotuba ndefu.

Tatu, asisahau kwamba cheo huziba midomo. Mkuu wa kazi akianza kusema, mkutano umekwisha. Waliobaki watarudia maneno yake kwa namna mbalimbali. Afadhali kila mtu aandike kwanza, vikundi vidogo vijadili, wa vyeo vya chini watangulie kusema, na mkuu asikilize mpaka mwisho.

Nne, asikubali mkutano uvunjike bila majibu ya maswali mawili: taasisi hii itaacha nini, na nani atafanya nini kabla ya mwezi ujao kwisha? Pasipo jibu la swali la kwanza hakuna uchaguzi, na pasipo jibu la swali la pili hakuna utekelezaji.

Kiongozi ndiye kitabu kinachosomwa

Mikutano ya kupanga huisha, nayo mazoea hubaki yakingoja mlangoni. Utamaduni wa taasisi haumo katika maneno yaliyobandikwa ukutani. Umo katika mambo ambayo mkubwa huyauliza, huyasifu, huyaadhibu na huyanyamazia. Ofisi inaweza kuandika "uwazi" kwa herufi kubwa, lakini mtumishi aliyetoa taarifa ya upungufu akahamishwa kwa ghafla, watumishi wote watajifunza somo moja tu siku hiyo, wala hawatalisahau.

Ndiyo maana fomu peke yake haiponyi. Mwaka 2004 Serikali ilianzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ili mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wayapitie katikati na wayapime mwishoni. Wazo lilikuwa la kidemokrasia kabisa. Lakini fomu ikijazwa yote kwa siku moja mwezi Juni kwa ajili ya kupanda daraja, hayo huwa makaratasi, si makubaliano. Mfumo wa kielektroniki ulioshika nafasi yake utakutana na jaribu lilelile, kwani kompyuta hupokea uongo kwa upole kama karatasi.

Kinachotakiwa ni kiongozi kukaa na watu wake mara kwa mara na kuuliza: tulisema tutafanya hili, tumelifanya? Kama hatukulifanya, kikwazo ni nini, na je, kikwazo hicho ni mimi? Swali hilo la mwisho ndilo linalobadili taasisi. Kiongozi anayeliuliza mbele ya walio chini yake, na asimwadhibu anayemjibu kwa kweli, atakuwa ameanza kubadili utamaduni bila kubandika neno lolote ukutani.

Ndugu walimu, ndugu watumishi wa umma, katika miezi ijayo wengi wenu mtaitwa katika vikao vya kupanga. Msiende huko kupokea posho na kupiga makofi. Ulizeni nani hayumo chumbani. Ulizeni ukweli wa hali ukoje kabla dira haijaandikwa. Ulizeni nini kitaachwa ili kile kilichochaguliwa kipate watu, muda na fedha. Na mpango ukikwisha kutiwa saini, kila mmoja arudi mahali pake pa kazi na jambo moja atakalolifanya tofauti, kwa sababu yule mzee wa pensheni na yule mama mjamzito hawatausoma mpango huo. Watauona dirishani, siku watakaporudi.